Santuri na Tarakimu: Fizikia ya Mashine za Mpiga Santuri

1. Utangulizi

Mpiga santuri, ambaye vijana humwita DJ, ni mtu anayeshughulika na wakati. Kazi yake si kuweka wimbo na kukaa kando, bali ni kuunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine bila wachezaji kupoteza hatua. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mashine mbili za santuri na mashine moja ya kuchanganyia sauti. Siku hizi wengi hutumia mashine za tarakimu, yaani za dijitali, ambazo husoma nyimbo zilizohifadhiwa kama namba.

Badiliko hilo limezua ubishi. Wako wanaodai kwamba santuri hubeba sauti yote, ilhali tarakimu hubeba vipande vyake tu. Wako pia wanaosema kwamba santuri ni masalio ya kale yasiyo na faida. Ubishi wa namna hii hauwezi kuamuliwa kwa mapenzi ya mtu. Sharti uamuliwe kwa kupima. Fizikia inayohitajika si ngumu, na sehemu kubwa yake hufundishwa katika shule za sekondari.

2. Santuri hufanyaje kazi?

Santuri ni bamba la plastiki lenye mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kuta za mfereji huo zimechongwa kwa kufuata mitetemo ya sauti. Sindano inapopita ndani yake hutikisika, na mtikisiko huo husogeza sumaku karibu na koili, au koili karibu na sumaku; umeme mdogo huzaliwa, nao hukuzwa mpaka uweze kutikisa spika. Kwa hiyo umbo la mfereji, umbo la umeme na umbo la wimbi la sauti hufanana.

Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Mwendo huo haubadiliki, lakini urefu wa njia hubadilika. Karibu na ukingo, ambapo nusu kipenyo ni sentimeta 14.5, sindano hupita kiasi cha sentimeta 51 za mfereji kila sekunde. Karibu na katikati, ambapo nusu kipenyo ni sentimeta 6, hupita sentimeta 21 tu. Sauti yenye mitetemo 10,000 kwa sekunde huandikwa kwa mawimbi yenye urefu wa milimeta 0.051 ukingoni, lakini karibu na katikati mawimbi hayo hayo hubanwa katika milimeta 0.021. Sindano hupata taabu kufuata kona ndogo kiasi hicho, na ndiyo sababu sauti kali huharibika kidogo mwishoni mwa santuri.

Tena, sindano ya mpiga santuri hukandamiza kwa kani inayolingana na uzito wa gramu 2 hadi 4, nayo hugusa mfereji kwa ncha ndogo mno. Kwa hiyo kila wimbo upigwapo, santuri hulika. Vumbi huongeza mikwaruzo, na joto la jua hupinda plastiki.

3. Mota na mkono wa binadamu

Katika mashine nyingi za zamani mota ilizungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Mkanda hunyooka na kuteleza, hivyo sahani iliyozuiwa kwa mkono huchelewa kurudia mwendo wake. Mwaka 1970 kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, ilitoa mashine ya Technics SP-10 ambayo sahani yake ilikaa juu ya mota yenyewe bila mkanda. Mwaka 1972 ikafuata SL-1200, na mwaka 1979 ikatoka SL-1200MK2, ambayo mwendo wake ulisimamiwa na fuwele ya kwatsi kama ile ya saa ya mkononi. Sahani ya mashine hii hufikia mwendo kamili kwa muda wa sekunde 0.7, na mpigaji aweza kuuongeza au kuupunguza mwendo huo kwa asilimia 8.

SL-1200 ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya kusikiliza muziki nyumbani, lakini vijana wa New York walizigundulia mashine za namna hii kazi nyingine. Katika mtaa wa Bronx, DJ Kool Herc, aliyezaliwa Jamaika, alianza kupiga santuri katika sherehe mwaka 1973. Alitumia nakala mbili za santuri moja ili kurefusha kipande cha ngoma kilichopendwa na wachezaji. Grandmaster Flash alitia alama juu ya santuri ili aone mahali kipande kinapoanza. Grand Wizzard Theodore naye hutajwa kuwa mwanzilishi wa kukwaruza, yaani kusukuma santuri mbele na nyuma chini ya sindano mpaka ikawa ala ya muziki.

Msingi wa ufundi huo ni msuguano. Kati ya sahani na santuri huwekwa kitambaa laini, ili mkono uweze kuishika santuri huku sahani ikiendelea kuzunguka. Mkono unapoachia, santuri hupata mwendo mara moja. Mota yenye nguvu, msuguano mdogo na mkono mwepesi: vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyozaa muziki mpya.

4. Sauti inapogeuzwa kuwa namba

Mwaka 1982 ilianza kuuzwa sahani ndogo ya CD. Humo wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kwa kuchagua ngazi moja kati ya 65,536. Kwa kuwa njia za sauti ni mbili, kushoto na kulia, sekunde moja ya muziki huhitaji biti 1,411,200.

Je, kilichokuwa kati ya kipimo na kipimo hupotea? Hapa ndipo wengi hukosea. Hesabu za mawimbi zinathibitisha kwamba ikiwa wimbi halina mitetemo inayofikia nusu ya idadi ya vipimo, vipimo hivyo vyatosha kulijenga upya bila pengo. Nusu ya 44,100 ni 22,050, na sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine haitoi ngazi za mraba. Hutoa mstari laini. Kasoro inayobaki hutokana na kukadiria ngazi, na kwa biti 16 kasoro hiyo iko chini ya sauti kubwa kabisa kwa kiasi cha desibeli 96. Mvumo wa plastiki ya santuri husikika mapema zaidi. Basi dai kwamba santuri hubeba sauti yote halina msingi. Mtu aweza kuipenda sauti ya santuri, nayo ni haki yake, lakini asiseme kwamba imekamilika zaidi.

5. Santuri inayotawala kompyuta

Mwaka 2001 kampuni ya Pioneer ilitoa mashine ya CDJ-1000, yenye gurudumu linaloguswa kama santuri. Katika miaka hiyo hiyo ulitokea pia mfumo wa kuchanganya mambo mawili: mpigaji hubaki na mashine zake za zamani, lakini juu yake huweka santuri maalumu isiyo na muziki. Mfumo mmoja wa aina hiyo ni Serato Scratch Live, uliotolewa mwaka 2004. Santuri yake ina mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde. Kompyuta ikisikia mitetemo 1,100, hujua kwamba mwendo umeongezeka kwa asilimia 10. Wimbi la njia moja hutangulia la njia nyingine kwa robo ya mzunguko. Mkono ukirudisha santuri nyuma, lililotangulia hufuata, na kompyuta hutambua mwelekeo. Juu ya mlio huo zimeandikwa pia namba zinazoonyesha mahali sindano ilipo.

Tofauti kubwa huonekana katika mambo matatu:

(a) Mwendo na kimo cha sauti. Santuri ya kawaida ikiongezwa mwendo kwa asilimia 5, mapigo 120 kwa dakika huwa 126, na noti ya mitetemo 440 huwa 462. Viwili hivyo haviachani. Kompyuta huweza kuvitenga kwa kukata sauti katika vipande vidogo na kuvipanga upya.

(b) Kuchelewa. Kompyuta hukusanya vipimo kabla ya kuvitoa. Ikikusanya 512, huchelewa kwa karibu sekunde 0.012, muda ambao sauti hewani husafiri kama meta 4. Mkono huvumilia hayo. Ikichelewa kwa sekunde 0.1, mkono na sikio huachana, na kukwaruza hakuwezekani.

(c) Kulinganisha mapigo. Kompyuta huweza kulinganisha nyimbo mbili yenyewe, mradi mapigo yasiyumbe. Lakini nyimbo nyingi za dansi zilizorekodiwa Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1970 zilipigwa na bendi nzima kwa pamoja, na mpiga ngoma hakuwa na fuwele ya kwatsi. Mapigo yakichangamka kidogo ifikapo chemko, hesabu ya mashine hukosea, na sikio lisilofunzwa halina la kufanya.

6. Hitimisho

Kwa usahihi wa sauti, tarakimu imeishinda santuri. Kwa wepesi wa mkono, santuri iliweka kipimo ambacho mashine mpya zimejitahidi kukifikia. Utengenezaji wa SL-1200 ulikoma mwaka 2010, kisha ukarudishwa mwaka 2016, maana wenye kuitaka hawakwisha. Mwanafunzi wa ufundi huu hana hasara akianza na mashine yoyote, ila atapata hasara akiiachia mashine kazi ya kusikiliza.

7. Maswali na jaribio

1. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika hutumia sekunde ngapi kwa mzunguko mmoja?
2. Wimbo wa dakika 5 katika CD una biti ngapi?
3. Wimbo una mapigo 125 kwa dakika. Mpigaji aongeze mwendo kwa asilimia ngapi ili upate mapigo 130?
4. Jaribio: Pindua baiskeli na utie alama mbili za chaki kwenye spoki moja, moja karibu na ekseli na nyingine karibu na rimu. Zungusha gurudumu polepole, hesabu mizunguko kwa dakika, kisha kokotoa mwendo wa kila alama. Eleza jinsi matokeo yanavyohusiana na mfereji wa santuri.