Kumtoa Mbwa Kizimbani na Kumwachia Nyumba

Mkazi wa Kayole au Umoja, jijini Nairobi, aliye na kazi Industrial Area ama katikati ya jiji hutoka nyumbani alfajiri ili awahi kabla ya msongamano wa Jogoo Road, na mara nyingi hurudi giza likiwa limeingia. Akiwa na mbwa, hizo ni saa kumi na mbili au zaidi. Wengi humfungia mbwa mchanga kizimbani ili asitafune viatu wala kuchafua sakafu, na kwa miezi ya kwanza kizimba ni msaada mkubwa, mradi kimtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha, na asikae humo mchana kutwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumfungia mnyama mahali pasipomwezesha kujongea ipasavyo. Kwa hivyo siku hufika ya kumwachia chumba, na baadaye nyumba. Pupa ndiyo inayoharibu. Kizimba kinafunguliwa Jumatatu, Jumanne kochi limeraruliwa, Jumatano mbwa anasukumwa kizimbani kwa ghadhabu, na kuanzia hapo anakichukia.

Umri una neno lake. Meno ya kudumu hukamilika kati ya miezi 6 na 7, lakini hamu ya kutafuna huendelea muda mrefu baada ya hapo. Mbwa wengi hawawi tayari kuachiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na wa mwili mkubwa wanaweza kukaribia miaka 2. Kibofu nacho kina mipaka: kwa makadirio, hesabu umri wake kwa miezi, ongeza moja, upate idadi ya saa anazoweza kujizuia. Wa miezi 4 hawezi kuvuka saa 5, na hata aliyekomaa asilazimishwe kujizuia siku nzima. Utamjua aliye tayari kwa mambo ya kawaida: hajakojoa ndani kwa wiki kadhaa, hulala kizimbani mlango ukiwa wazi, na ukiwa chumba kingine hagusi kisicho chake.

Kazi ya kwanza ni ya nyumba. Chagua chumba kimoja, kisha kipekue kila pembe. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambako meko, kitanda na televisheni vimekaa pamoja, kitu cha kuogopa kuliko vyote ni mpira wa gesi. Mbwa akiutoboa, aliye hatarini ni yeye pamoja na majirani wote wa ghorofa hiyo. Funga gesi kwenye mtungi kila unapotoka na uuzungushie kizuizi asichoweza kukiangusha. Nyaya za ekstensheni zitolewe kwenye soketi na kuinuliwa juu. Sumu ya panya isiwepo kabisa, hata nyuma ya kabati. Ikiwa umepuliza dawa ya kunguni, mbwa asirudishwe mpaka chumba kikauke na kupata hewa ya kutosha. Ndoo ya maji yenye dawa ya kung'arisha nguo ifunikwe. Vitunguu, chokoleti, zabibu kavu na vidonge vya maumivu vya binadamu ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, kwa hivyo taka zitoke kabla hujatoka wewe. Wanaoishi juu wafunge mlango wa roshani, maana vyuma vilivyoachana kidogo tu humpitisha mbwa mdogo. Nyumba za mabati huwaka joto mchana. Kama yako ni ya namna hiyo, acha dirisha lenye vyuma wazi na maji mengi katika bakuli zito, na siku ya jua kali usimwache kabisa.

Sasa mfundishe upweke wewe mwenyewe ukiwa karibu. Chukua funguo, vaa viatu, kisha keti. Rudia hadi asiinue kichwa. Toka nje, funga mlango, urudi kabla hajaanza kulia. Ongeza muda taratibu: dakika moja, tano, kumi, na siku nyingine upunguze ili asizoee kwamba kila safari ni ndefu kuliko ya jana. Kizimba kibaki chumbani, mlango wazi, na tandiko lake ndani. Mbwa anayeteseka kwa kuachwa kwa kawaida huonyesha ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa hivyo dakika 30 za utulivu ni hatua kubwa. Zikipita vizuri mara kadhaa, nenda sokoni, kisha panda matatu hadi mjini na kurudi. Simu ya zamani iliyoachwa ikirekodi itakueleza yaliyotokea, na jirani mkweli atakueleza hata zaidi.

Kila anapoachwa, awe ametembezwa na kujisaidia. Badala ya kumwekea chakula chote kwenye sahani, kitawanye ndani ya taulo kuukuu lililoviringishwa. Kukinusa na kukifunua kutamchosha, baadaye alale. Redio ya sauti ya chini husaidia kufunika honi na muziki wa matatu. Usianze mafunzo haya majira ya fataki, hasa Diwali na mkesha wa Mwaka Mpya.

Hapa lazima niseme wazi: kama hakuna mtu wa kumfungulia mchana, mbwa mchanga hafai kuachwa tangu alfajiri hadi usiku, iwe kizimbani au chumbani. Zungumza na jirani, mama wa kibanda aliye jirani, au kijana mnayeaminiana, mlipane kwa haki. Hiyo ni gharama ya kufuga, sawa na chakula na chanjo.

Ukirudi na kukuta uharibifu, usimpige. Hawezi kuunganisha kipigo na kiatu alichokitafuna saa tatu zilizopita. Atakachojifunza ni kuogopa kurudi kwako, na ule uso tunaouita wa hatia ni woga. Chunguza aina ya uharibifu. Aliyechoshwa na ukimya hutafuna hiki na kile. Aliyefadhaika hukwaruza mlango na dirisha, hudondosha mate, hulia bila kukoma, hukojoa ingawa ana adabu. Huyu usimrudishe kizimbani kwa nguvu, kwani anaweza kujivunja meno kwenye nyaya. Punguza muda hadi ule aliouweza, na umwone daktari wa mifugo. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na KSPCA, shirika la kulinda wanyama, liko Karen.

Mbwa aliyeachiwa chumba anaweza kukutana na mtu mlangoni. Mwarifu msimamizi wa ploti, wakala wa kodi na fundi wa maji kwamba asifungue ukiwa hupo, na andika "Mbwa Kali" hata kama wako ni mpole, kwa kuwa mbwa aliyeshtuliwa akiwa peke yake anaweza kuuma. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Kenya imelenga kukomesha vifo vya watu vinavyosababishwa na ugonjwa huo kupitia mbwa ifikapo 2030. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, mbwa awe amechanjwa au la.

Chumba kikitulia kwa mwezi au zaidi, fungua cha pili, halafu sebule. Ukihama, kutoka Pipeline kwenda Komarock kwa mfano, beba kizimba, kiweke wazi katika chumba kimoja cha nyumba mpya, na uanze tena na ile dakika moja.