Waliosahaulika Mezani: Matendo 6:1-6 na Mwaka wa Kwanza Chuoni



Chukua Biblia, fungua Matendo ya Mitume 6:1-6. Pale Yerusalemu, Wakristo wanaoongea Kigiriki wananung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Angalia vizuri: hakuna aliyesema wasile. Walisahaulika tu. Kiukweli nilikuwa nasoma kifungu hiki kama habari ya mashemasi, basi, mpaka nilipokutana na kaka mmoja Mhadzabe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa, natumwa kila Jumapili kusaidia jumuiya ya wanachuo. Yeye alikuwa mwaka wa kwanza, ametoka Bonde la Yaeda, Mbulu. Wahadzabe ni watu wachache sana, elfu moja na kidogo hivi, wa kandokando ya Ziwa Eyasi. Ni wawindaji, wachimba mizizi, warina asali. Lugha yao ina vidoko, zile sauti za kudokoa kwa ulimi. Basi siku ya kujitambulisha mtu akasema, "Hebu ongea kidogo tusikie!" Akasema neno moja. Tukacheka. Na mimi nilicheka, frateri mzima na kanzu yangu.

Jumapili iliyofuata hakuja.

Nilimfuata hosteli. Kumbe kicheko kilikuwa nusu tu ya mambo. Boom lilikuwa halijaingia. Ombi la mkopo linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA. Yeye alizaliwa porini, cheti alikipata ukubwani, na jina halikufanana na la shule. Alikuwa anakula mara moja kwa siku. Kwao nyama ikifika kambini inagawanywa, hata kama aliyewinda si ndugu yako. Hapa mwenzake wa chumbani anapika pembeni ya kitanda chake, anakula, anaosha sufuria.

Turudi kwenye Maandiko. Mitume hawakuwahubiria wajane uvumilivu (sisi ndiyo dawa yetu ya haraka hiyo). Walitaka wachaguliwe watu saba. Soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kigiriki! Inaelekea meza ilikabidhiwa kwa watu wa upande uleule uliokuwa ukilalamika.

Sisi tulianza na chakula, tukala pamoja kila jioni. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, anayezijua ofisi, akaongozana naye kwa afisa mikopo na kwa mshauri wa wanafunzi. Ilichukua wiki sita. Mimi nilimwomba radhi, na nikamwomba anifundishe kutamka jina lake. Bado nalikosea. Siku ya utamaduni walitaka aje na upinde na mishale. Akakataa, jumuiya ikasimama naye.

Oktoba iliyofuata tulimchagua kuwapokea wapya. Alikaa mlangoni na daftari, na kila aliyeingia alimwuliza kwanza kama amekula.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunaendelea na Stefano.