Namna ya Kuanzisha Karakana ya Wazee Ufipa

Mwanamume wa Ufipa akishakabidhi plau na maksai kwa wanawe, au akirudi nyumbani na barua ya kustaafu, hubakiwa na sehemu chache za kwenda. Jumapili ana kanisa. Siku nyingine ana kilabu cha pombe ya kimpumu, au benchi lililo nje ya nyumba yake. Mkewe ana VIKOBA, ana WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ana misiba na harusi za majirani. Yeye anasubiri mtu apite amsalimie. Mwongozo huu unahusu namna ya kumpatia pengine pa kwenda: karakana ya wazee, yaani chumba chenye meza ya kazi, zana chache na wenzake wa rika lake, wakitengeneza vitu pamoja mara moja au mbili kwa wiki.

Waaustralia walianza karakana za namna hii miaka ya 1990, walipoona wanaume wao wakistaafu hujifungia ndani na kunyong'onyea. Leo wanazo zaidi ya 1,000. Chama chao cha taifa kiliundwa mwaka 2007, na Ireland ikaunda chake mwaka 2011. Sisi tuna asili yetu ya jambo hilo. Nyanda hizi za Ufipa zilikuwa nchi ya chuma. Malungu, yale matanuri marefu ya udongo yenye kimo cha karibu mita 3, yaliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto, kwa hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa jembe. Hakuna aliyeweza kazi hiyo peke yake. Wanaume walikaa kambini pamoja, wazee wakiongoza na vijana wakijifunza. Majembe ya viwandani yaliifuta kazi hiyo katika karne ya 20, na hatukuweka kitu kingine mahali pake.

Hatua ya kwanza: tafuta kazi kabla ya kutafuta watu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaitisha mkutano, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, halafu wanaanza kuulizana kikundi kitafanya nini. Wazee watakuja siku hiyo, watasikiliza kwa adabu, na wengi hawatarudi. Mzee hatoki nyumbani kwake kwenda kukaa tu. Kukaa anakaa hata kwake. Anatoka akijua kuna kitu kinachomngoja, na kwamba asipokwenda kitakwama.

Kwa hiyo zunguka kwanza. Ingia shule ya msingi uulize madawati yaliyovunjika yako wapi; mara nyingi yamerundikwa nyuma ya darasa. Uliza zahanati kuhusu mabenchi na madirisha. Uliza wakulima kuhusu nira, mikokoteni na mipini. Pata kazi tatu zenye mwenyewe anayezihitaji, na mkubaliane zitakamilika lini.

Majira nayo ni muhimu. Mvua zetu huanza Novemba. Kati ya Agosti na Oktoba mavuno yameshaingia ghalani, watu wana nafasi, na kila kaya inakumbuka kwamba plau yake ina kasoro. Huo ndio wakati wa kufungua. Ukianza Januari, kila mwenye nguvu yuko shambani na karakana itafungwa kabla haijajulikana.

Hatua ya pili: waendee nyumbani, mmoja mmoja

Watano au sita wanatosha kuanza. Tafuta seremala wa zamani, mhunzi, fundi baiskeli, makanika aliyefanya kazi migodini au kwenye magari. Ongeza mwalimu mstaafu wa kushika daftari. Usiwaache wasio na ufundi: wapo wanaoweza kupiga msasa, kunyoosha misumari iliyotumika, kushika ubao mwenzao akate. Aliyepata kiharusi na kubaki na mkono mmoja wenye nguvu anaweza kuzungusha jiliwa.

Tangazo la kanisani au msikitini litawaleta wale ambao tayari wanatoka. Unayemtaka hasa ni mgane aliyefiwa na mkewe mwaka jana na sasa haonekani. Huyo mfuate kwake. Toa shikamoo, kaa, kunywa unachopewa, ulizia wajukuu, na usiwe na haraka. Kisha usimwambie umekuja kumwondolea upweke. Hakuna mzee atakayelipokea neno hilo. Mwambie, "Mzee wangu, kuna nira imetushinda, tunaomba uje utuoneshe." Na iwe kweli imewashinda. Asipokuja mara ya kwanza, rudi tena.

Hatua ya tatu: mahali

Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na baridi ya Juni na Julai pamoja na upepo wake haiwafai wazee waliokaa chini ya mti. Tafuta chumba chenye kuta: darasa la zamani, ghala la ushirika lisilotumika, banda la parokia. Mkiwasha jiko la mkaa, dirisha libaki wazi, maana gesi ya mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa inaua. Makubaliano na mwenye jengo yaandikwe, mtendaji wa kijiji au mtaa akiwa shahidi.

Choo kiwe karibu. Wanaume wengi wa umri huu wana tezi dume iliyovimba, na mzee anayejua atahangaika kutafuta choo atabaki nyumbani bila kukueleza sababu.

Jambo jingine ni mlango. Uwe wazi, na karakana ionekane kutoka barabarani. Tusijifiche: katika mkoa wetu wazee wameumizwa kwa maneno ya ushirikina, na wazee wanaokutana mahali pa uficho hutungiwa mambo. Kijiji kinachowaona kila wiki wakirekebisha madawati ya watoto kina maneno mengine ya kusema juu yao.

Hatua ya nne: zana

Anzeni na zilizomo majumbani: nyundo, msumeno, randa, patasi, tupa, koleo, shoka. Nyingi zina kutu tu, na kuzisafisha na kuzinoa ni kazi nzuri ya siku ya kwanza. Kila zana iwekewe alama ya mwenyewe na iandikwe daftarini, kwa sababu ugomvi wa zana huvunja urafiki wa miaka. Cha kununua mapema ni jiliwa moja imara na miwani ya kukinga macho. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko Sumbawanga mjini, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana chuo chao huko. Nendeni mkaombe ushauri, hata vifaa chakavu.

Nashauri msinunue mashine ya umeme mwaka wa kwanza. Kelele yake inazima mazungumzo, na ajali moja ya kidole itawarudisha wazee wote nyumbani.

Mbao zinahitaji uangalifu. Sehemu kubwa ya nyanda zetu ni nyasi tupu, miti ni michache. Ombeni vipande vinavyobaki kwa mafundi wa samani mjini. Mkinunua, nunueni mbao halali na mtunze risiti, ili watu wa misitu wakipita msipate aibu.

Hatua ya tano: siku na taratibu

Chagueni siku isiyogongana na mnada wala soko. Asubuhi hadi saa sita inatosha. Uji wa ulezi au chai iwepo. Pombe isiwepo kabisa, hata siku ya kusherehekea kazi iliyokamilika. Kilabu kipo kwa anayetaka, na yule aliyeamua kuacha anahitaji sehemu moja ambako hatashawishiwa.

Mwenye daftari aandike waliokuja. Asiyeonekana mara mbili atembelewe siku hiyohiyo, na watu wawili. Kama hamtaweza mengine yote katika mwongozo huu, wekeni hili. Mwombeni pia muuguzi wa zahanati awapime shinikizo la damu mara kwa mara. Mwanaume asiyekwenda hospitali atakubali kupimwa akiwa kati ya wenzake.

Hatua ya sita: fedha

Ziwe kidogo na ziwe wazi. Shilingi 1,000 kwa wiki kwa anayeweza, na asiyeweza asiulizwe. Shule na zahanati zilete vifaa, wazee watoe kazi. Mkulima binafsi alipe, na fedha hiyo igawanywe kwa kanuni mliyokubaliana kabla ya plau ya kwanza kufika.

Msijenge karakana juu ya matumaini ya mkopo wa halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo hiyo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024, na mzee wa kiume asiye na ulemavu hana fungu humo. Naona ni upungufu, na mabaraza ya wazee yana haki ya kuusemea kwenye vikao vya kata. Hata hivyo mwoneni afisa maendeleo ya jamii mwandikishwe kama kikundi. Mkitaka kukopeshana wenyewe, mtaingia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kazi ya kuweka vitabu itaongezeka. Mimi ningewaacha wazee na ufundi wao.

Hatua ya saba: vijana

Baada ya miezi michache waje vijana, mmoja au wawili, wajifunze. Wasiwe wengi kuliko wazee, wala wasipewe uongozi. Karakana ni ya wazee.

Wewe unayesoma haya Laela, Matai, Namanyere au Sumbawanga mjini, unamfahamu mzee aliyekuwa fundi na sasa hashiki kitu. Kabla ya kumwona mwenyekiti wa mtaa, kabla ya kutafuta chumba, mpelekee wiki hii kitu kimoja kilichovunjika na umwombe mkitengeneze pamoja.