Kobe mchanga nyumbani: Mtunze, lakini linda watoto

Mama mmoja aliniletea mtoto wake wa miaka mitatu akiwa na homa, tumbo likimsokota, na akiharisha choo chenye utelezi na damu kidogo. Alikuwa ameugua kwa siku tano. Kwenye zahanati ya mtaani kwao damu ilikuwa imepimwa, mama akaelezwa kuwa ni homa ya matumbo, yaani taifodi, na akapewa vidonge. Mtoto hakupata nafuu.

Nilimuuliza maswali ya kawaida. Wanakunywa maji gani? Nani mwingine anaugua nyumbani? Kisha nikauliza kama wanafuga mnyama wowote. "Hatuna mbwa wala paka, Daktari," akajibu. "Tuna kobe tu, mdogo kama kiberiti. Baba yao aliwaletea mwezi uliopita."

Nikamuuliza kobe huyo huogeshwa wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Katika karai. Lile lile la vyombo."

Choo cha mtoto kilipopelekwa maabara kuoteshwa, viini vilivyopatikana havikuwa vya taifodi. Vilikuwa vya salmonela ya aina nyingine, ile inayoishi ndani ya wanyama. Kobe hakupimwa, lakini kwa kuwa huogeshwa ndani ya karai la vyombo, hatukuhitaji kutafuta mbali. Mtoto alilazwa kwa siku nne, akapona.

Viini hivi hutoka wapi?

Kobe, kasa, nyoka na mijusi wengi hubeba salmonela matumboni. Viini hivyo havimdhuru mnyama mwenyewe. Kobe anaweza kuonekana msafi, mchangamfu, mwenye gamba linalong'aa, na bado akawa anavitoa kila anapokwenda haja. Leo anaweza kuvitoa, kesho asivitoe, kwa hiyo kupimwa mara moja na kukutwa hana hakukuhakikishii chochote. Viini hushika kwenye gamba, kwenye miguu, kwenye maji ya kuogea na sakafuni, na huweza kukaa hapo kwa majuma kadhaa.

Jambo hili linajulikana kwa muda mrefu. Huko Marekani, tangu mwaka 1975 ni marufuku kuuza kobe na kasa wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Sababu ni kwamba watoto waliwatia wadogo hao mdomoni au kuwabusu, kisha wakaugua.

Hapa kwetu kuna utata mwingine. Watu wengi wakisikia neno salmonela hufikiria taifodi. Ni kweli kwamba viini vya taifodi ni wa ukoo huo huo, lakini vyenyewe huishi kwa binadamu peke yake. Kobe hawezi kukuambukiza taifodi. Tena kile kipimo cha damu cha Widal, kinachotumiwa sana katika zahanati zetu, hakiaminiki peke yake. Kinaweza kuonyesha taifodi kumbe ni salmonela nyingine, au hata ugonjwa tofauti kabisa. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha viini vya damu au vya choo katika maabara.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa huharisha kwa siku nne hadi saba, kisha hupona bila dawa ya kuua viini. Lakini kuna watu ambao viini vinaweza kupenya kutoka matumboni hadi kwenye damu, mifupa au utando wa ubongo. Hao ni watoto wa chini ya miaka mitano, hasa wachanga na wenye utapiamlo au malaria; wazee wa zaidi ya miaka 65; kina mama wajawazito; wanaoishi na virusi vya Ukimwi; na wagonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mmoja wa watu hao, ushauri wangu ni kwamba kobe asikae humo. Kumfungia katika chumba kingine hakutoshi, kwani viini huletwa na mikono ya yule anayemshika.

Kabla ya kumchukua kobe

Kumbuka kwanza kwamba kobe wa Kenya ni mnyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga bila kibali. Usimwokote kando ya barabara ukamleta mjini, wala usimnunue kwa mchuuzi. Ukimpata kobe aliyeumia au aliyepotea, waarifu maafisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS. Anayekupa kobe kihalali atakuonyesha karatasi zake.

Jiulize pia kama uko tayari. Kobe mwenye madoadoa, yule tunayemwona sana nyikani, huanguliwa akiwa na urefu wa sentimita tano hivi. Akikua anaweza kupita kilo 10, na anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Huenda akarithiwa na wajukuu wako.

Kumtunza kobe mchanga

Joto na jua: Damu ya kobe hufuata joto la mahali alipo. Akiwa baridini hali, na hata akila chakula hakisagiki. Mchana anahitaji mahali penye nyuzi 25 hadi 30, na pembe moja yenye joto zaidi ya kuota. Jua la asubuhi ni bora kuliko taa yoyote, kwa kuwa mwili wake hulitumia kutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha gamba na mifupa. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halina faida hiyo. Mwekee kivuli cha kukimbilia, kwani jua kali bila kivuli linaweza kumuua upesi. Jijini Nairobi, miezi ya Juni hadi Agosti, mwingize ndani usiku katika kisanduku kikavu chenye joto.

Chakula: Kobe huyu ni mla nyasi. Mpe nyasi, magugu yasiyopuliziwa dawa, majani na maua ya haibiskasi, na majani ya mpungate yaliyotolewa miiba. Sukuma wiki kidogo si vibaya, lakini usimlishe hiyo kila siku. Spinachi huzuia mwili kupata kalsiamu. Usimpe mkate, ugali, maziwa, nyama wala chakula cha mbwa. Mara mbili au tatu kwa juma nyunyiza unga wa kalsiamu, unaopatikana katika maduka ya agroveti, juu ya majani.

Maji: Kobe mchanga hukauka upesi. Mwogeshe mara kadhaa kwa juma katika maji vuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa dakika 15 hivi, naye atakunywa humo humo. Karai hilo liwe lake peke yake. Maji machafu yamwagwe chooni, kamwe si kwenye sinki la jikoni.

Maadui: Mbwa, panya, kunguru na siafu humwona kama kitoweo. Uzio wake uwe na kifuniko cha wavu.

Dalili za ugonjwa: Kamasi puani, kuhema mdomo wazi, macho yaliyovimba, kukataa kula kwa siku kadhaa, au gamba linalozidi kuwa laini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpe dawa ya minyoo ya ng'ombe au mbuzi iitwayo ivermectin, kwani kwa kobe ni sumu. Wala usimpe antibiotiki ukidhani utamwondolea salmonela. Viini havitaisha, ila vitajifunza kuishinda dawa.

Kanuni za nyumba

1. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila unapomshika kobe, chakula chake au karai lake. Watoto wasimamiwe na mtu mzima.
2. Kobe asitembee jikoni, mezani wala kitandani.
3. Asibusiwe, wala asisogezwe karibu na uso.
4. Usile wala usinywe ukiwa umemshika.
5. Vyombo vyake vioshewe nje, kwa brashi yake.

Mtu akiugua

Dalili huanza saa sita hadi siku sita baada ya kuambukizwa: kuharisha, homa, maumivu ya tumbo, pengine kutapika. Anza mara moja kumpa mtoto maji ya ORS kidogo kidogo, ukifuata maelezo ya pakiti, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Usinunue antibiotiki dukani. Mpeleke hospitali bila kuchelewa akiwa na damu katika choo, homa ya nyuzi 39 au zaidi, macho yaliyodidimia, akilia bila machozi, akikosa kukojoa au akilegea. Mtoto wa chini ya miezi mitatu apelekwe hata kama dalili ni ndogo. Na umwambie daktari kwamba mna kobe. Neno hilo moja linaweza kuokoa siku nyingi za kutibiwa ugonjwa usiokuwapo.

Yule mama aliniuliza atamwambia nini mwanawe mkubwa, mvulana wa miaka tisa aliyempenda kobe huyo sana. Kobe alikuwa na kibali, kwa hiyo tulikubaliana arudishwe kwa mfugaji alikotoka hadi mdogo atimize miaka mitano. Mvulana alilia, kisha akauliza kama kobe atakuwa hai bado.

Nilimhakikishia kwamba kobe akitunzwa vizuri, miaka miwili kwake si kitu. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kujilinda, siku tano tu zilikuwa karibu kumpoteza.