Taichi na Miguu ya Wazee

Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi harudi tena katika nguvu zake za awali. Ndiyo maana mwezi huu tunaeleza taichi, mchezo wa kujihami wa Wachina, ndugu wa ile kungfu tunayoiona kwenye filamu.

Ulianzia kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, katika karne ya 17. Mwanzilishi hutajwa kuwa Chen Wangting, aliyekuwa askari. Karne ya 19 Yang Luchan alijifunza kwa ukoo huo, akaenda kuufundisha Beijing. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mtindo mfupi wa mikao 24 kwa ajili ya watu wote.

Katika taichi nguvu haipambani na nguvu. Adui akikusukuma, unageuza kiuno na kumpisha, naye anayumbishwa na uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kwanza kusimama: magoti yamekunjwa kidogo, mgongo wima, mabega yamelegea. Uzito wote huhamia mguu mmoja kabla ya mwingine kuinuliwa, polepole sana. Jaribu, uone mapaja yanavyotetemeka!

Je, wazee wanafaidika? Utafiti wa Atlanta, Marekani, uliotolewa mwaka 1996, ulihusu wazee 200 wa miaka 70 na zaidi. Kwa waliojifunza taichi wiki 15, hatari ya kuanguka mara kwa mara ilipungua karibu nusu. Mzee anayeanza asimame karibu na ukuta. Mwenye goti bovu asikunje sana.