Ada ya Mbio za Mlimani: Je, Unanunua Nini?

Somo hili linamhusu mlaji anayelipia nafasi ya kukimbia marathoni inayopita katika njia za mlimani. Tumeliandika tukiwafikiria kwanza vijana wa Kerende na vijiji jirani vya Tarime, pamoja na wenzao wa ng'ambo ya Mto Mara wilayani Serengeti, ambao hulipa ada kwa simu, hupanda basi usiku na kwenda kukimbia mbali na nyumbani. Wengi wao ni wakimbiaji hodari waliozoea vilima, vumbi na jua kali. Jambo ambalo hawajalizoea ni kuuliza maswali kabla ya kulipa.

Mkazi wa Kerende hahitaji kufundishwa kwamba hali ya hewa hugeuka. Asubuhi anga ni nyeupe, na alasiri wingu zito limekwisha kujikusanya juu ya vilima. Nyanda za juu zilizo mashariki mwa Ziwa Victoria zinajulikana kwa ngurumo na radi. Kule Kericho, upande wa Kenya, mvua ya mawe ni hasara ya kawaida kwa wakulima wa chai. Hata hivyo mvua ikimkuta mtu njiani hapa kijijini, hupiga hodi katika nyumba iliyo karibu na kusubiri ipite. Mlimani hakuna nyumba ya kupigia hodi. Mkimbiaji aliye kwenye kilomita ya 25 ya njia ya mlimani ana vitu viwili tu vya kumkinga: alichobeba mwenyewe, na kile ambacho mwandaaji amekiweka tayari kwa ajili yake. Hicho cha pili ndicho anachokilipia.

Ada hununua zaidi ya fulana

Mtu akiulizwa amepata nini kwa ada yake, hutaja fulana, namba ya kifuani na medali. Hivyo ndivyo vinavyoonekana katika tangazo. Lakini sehemu iliyo kubwa ya huduma haionekani: alama za njia zinazosomeka hata katika ukungu, vituo vya maji, watu wa huduma ya kwanza, mawasiliano ya redio mahali pasipo na mtandao wa simu, hesabu ya wakimbiaji waliopita kila kituo, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema mbio zisimame. Medali ikichelewa, utakasirika. Hesabu ya wakimbiaji ikikosekana, huenda hakuna atakayejua kwamba hukurudi.

Tukio linaloeleza jambo hili kuliko maelezo yetu yoyote lilitokea China, katika mkoa wa Gansu, tarehe 22 Mei 2021. Wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 katika eneo la milima wilayani Jingtai. Kati ya kituo cha pili na cha tatu njia ilipanda takribani mita 1,000 ndani ya kilomita 8, na magari hayakuweza kufika huko. Mchana upepo mkali uliwakuta, ukifuatiwa na mvua baridi na mvua ya mawe. Wengi walikuwa wamevaa kaptura na fulana nyepesi. Wakimbiaji 21 walifariki dunia, na miongoni mwao alikuwa Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji mashuhuri wa masafa marefu nchini humo.

Mambo matatu katika tukio hilo yanamhusu mlaji moja kwa moja. La kwanza, jaketi la kuzuia upepo halikuwa katika orodha ya vifaa vya lazima. Lilikuwa pendekezo tu. La pili, onyo la upepo mkali lilikuwa limetolewa kabla ya mbio, na mbio zikaendelea. La tatu, walioumia zaidi walikuwa wale wenye kasi, kwa kuwa ndio waliokuwa wamefika juu dhoruba ilipoanza. Nguvu za miguu hazikuwakinga. Wakimbiaji sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliyewaingiza katika pango alimokuwa akihifadhi nguo na chakula, akawawashia moto. Yeye hakuwa sehemu ya huduma waliyoilipia.

Tunalitaja tukio la mbali kwa sababu milima yetu ina tabia ile ile. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Mtu anayetoka Lango la Marangu, kwenye urefu wa takribani mita 1,900, akafika Horombo, mita 3,720, amepoteza nyuzi zipatazo 11 kabla hajalowa na kabla upepo haujavuma. Na kati ya hapo kuna ukanda wa msitu wa miteremko ya kusini mwa Kilimanjaro, ambao ndio unaopata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine za mlima huo. Simon Mtuy, mzaliwa wa Mbahe huko Marangu, aliyeupanda Kilimanjaro na kuushuka mwaka 2006 kwa saa zipatazo 9 na theluthi bila msaada, alibeba mwenyewe chakula, maji na nguo zake. Mwenyeji wa mlima alibeba mzigo. Mgeni asione aibu kuubeba.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Omba kanuni za mbio kwa maandishi, uzisome zote kabla ya kutuma fedha. Mwandaaji anayesema kanuni zitatolewa siku ya kuchukua namba anakutaka ununue kitu usichokiona. Uliza kama mbio hizo zinatambuliwa na Riadha Tanzania na zina kibali cha Baraza la Michezo la Taifa. Afisa Michezo wa wilaya anaweza kukusaidia kuthibitisha, nawe usione haya kumwendea.

Kisha uliza kuhusu hali ya hewa, na hapa tungependa uwe msumbufu. Ni nani atakayeamua kusimamisha mbio, na atatumia kigezo gani? Kuna njia mbadala ya chini endapo kilele kitafunikwa na dhoruba? Umbali mrefu kuliko yote kati ya kituo na kituo ni kilomita ngapi, na gari linafika? Mtu akishindwa kuendelea mahali pasipofikika kwa gari, atateremshwaje, na nani atalipia hospitali? Neno "bima" katika tangazo halitoshi. Bima ya nani, ya kiasi gani, na inafunika uokoaji au matibabu pekee?

Mwandaaji mzuri hujibu maswali haya upesi, kwa kuwa alikwisha kujiuliza mwenyewe. Anayekujibu kwamba "Mungu atatujalia hali ya hewa njema" ana imani, lakini hana mpango.

Utakuta pia tamko la kukubali hatari, ambalo mkimbiaji hutakiwa kulitia saini au kubonyeza kitufe cha kukubali. Si kosa kuwa nalo, maana mlima una hatari zake na ni haki mshiriki akumbushwe. Lakini lisome kwa makini. Maandishi yanayosema kwamba unazijua hatari za kawaida za mchezo ni tofauti na maandishi yanayosema kwamba mwandaaji hatawajibika hata kwa uzembe wake mwenyewe. Hayo ya pili yakikutisha, uliza kwa maandishi, na utunze jibu.

Jaketi, raba na soko la mitumba

Vifaa vya lazima huwakera wakimbiaji wengi kwa sababu vina gharama na vina uzito. Sisi tunaona kinyume: orodha kali ya vifaa, inayokaguliwa mmoja mmoja kabla ya kuanza, ni dalili kwamba fedha yako imekwenda mahali pazuri. Mbio za UTMB za Chamonix, Ufaransa, humtaka kila mkimbiaji awe na koti la mvua lenye kofia, taa, filimbi, blanketi jembamba la dharura, maji, akiba ya chakula na simu. Hakuna linalomzuia mkimbiaji wa Kerende kutumia orodha hiyo hiyo hata pale ambapo hajalazimishwa.

Si lazima vitu hivi viwe vipya. Katika marundo ya mitumba ya Tarime mjini au Sirari hupatikana majaketi mazuri kwa mwenye subira. Usiamini maandishi ya lebo. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita, upepo wa mlimani utapita. Mwagia maji kidogo begani, mahali ambapo mkanda wa begi husugua, usubiri dakika chache, kisha pitisha mkono ndani. Geuza jaketi uangalie mishono. Katika jaketi la kuzuia mvua mishono huwa imefunikwa kwa utepe, na utepe uliobanduka ni jaketi lililokwisha kazi. Raba nazo zikunje kwa mikono miwili. Gundi ya soli iliyozeeka huonekana hapo, kama mpasuko mwembamba pembeni. Soli iwe na meno, maana soli laini ya barabarani haishiki kwenye udongo uliolowa. Fulana ya pamba, hata ikiwa ndiyo uliyopewa na waandaaji, iache kwa ajili ya picha. Pamba ikilowa hukaa na maji na kuuibia mwili joto.

Simu na nguo kavu zifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Begi lisilopitisha maji kwa jina tu tumeliona mara nyingi.

Ishara za mwili, na ishara za anga

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na, inapobidi, maonyo yenye ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Fuatilia utabiri wa mahali pa mbio kwa siku tano kabla, si wa nyumbani kwako. Jua la Nyamongo halikuambii lolote juu ya ukungu wa Kilimanjaro.

Ukiwa njiani, hesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo yake. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu vya kutosha kukudhuru. Teremka kutoka kwenye kigongo, usisimame chini ya mti uliojitenga, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Muda huo utakuuma moyoni ukikumbuka nafasi uliyokuwa nayo katika mbio. Subiri hata hivyo.

Baridi huua kimya kimya zaidi kuliko radi. Mwili wenye afya una joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35 tayari ni hatari. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, vidole kushindwa kufungua zipu, na maneno kuanza kukwama mdomoni. Mwenzako akiacha kutetemeka huku bado amelowa na ameanza kuongea ovyo, usifurahi kwamba amepona. Hali yake imezidi kuwa mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mkinge na upepo, mpe kitu kitamu akiwa bado anaweza kumeza, na upige filimbi. Tunasisitiza kuvaa jaketi kabla ya kulowa. Wengi huahirisha wakidhani kilele kiko karibu, kisha vidole vinakataa kazi.

Na jua likiwaka, jihadhari na kosa la upande wa pili: kunywa maji mengi mno bila chumvi huzimua damu, na mtu huweza kuchanganyikiwa au kuzimia. Kunywa kwa kiu, ule na kitu chenye chumvi.

Mbio zikisimamishwa, fedha inakuwaje?

Mwaka 2010 waandaaji wa UTMB walizisimamisha mbio saa chache baada ya kuanza kwa sababu ya dhoruba, na mwaka 2012 walizifupisha. Watu walikuwa wamesafiri kutoka pande zote za dunia. Uamuzi wa namna hiyo ni sehemu ya huduma, nasi hatumhesabu mwandaaji aliyeuchukua kuwa mkosaji. Swali la haki ni kama alikueleza mapema, katika kanuni, kwamba jambo hilo likitokea ada itarudishwa, itarudishwa kwa sehemu, itahamishiwa mwaka unaofuata, au haitarudishwa kabisa. Alichokiandika ndicho unachoweza kumdai. Ikiwa kanuni zilisema ada haitarudishwa nawe ukakubali, dai lako litakuwa gumu, na tusingependa kukudanganya.

Hali ni tofauti kabisa pale tangazo lilipoahidi madaktari njiani na hawakuwepo, au vituo vya maji vinne vikawa kimoja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na tangazo la mbio ni biashara kama tangazo la sabuni.

Kwa hiyo hifadhi ushahidi tangu mwanzo: picha ya tangazo, kanuni, ujumbe wa muamala wa Lipa Namba, na risiti, ambayo ni haki yako kuidai. Mwandikie mwandaaji kwanza, ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa, kilichoahidiwa, kilichotokea na unachotaka, nawe umpe muda wa kujibu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na si lazima iandikwe na wakili. Asipojibu, tuletee nakala hizo hizo; mkazi wa Kerende asiyeweza kusafiri anaweza kuanzia kwa Afisa Biashara wa halmashauri yake, ambaye atamwelekeza namna ya kuzifikisha kwetu. Ikiwa mlikuwa wengi katika mbio hizo, andikeni barua moja na kila mmoja aweke jina, namba yake ya kifuani na saini.