BARUA YA KUOMBA KAZI: SIFA ZISIZOENDANA NA KAZI

Watahiniwa wengi wanaujua muundo wa barua rasmi: anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha barua, kiini na hitimisho. Alama hupotea kwenye kiini, hasa tangazo linapotaja sifa ambayo mwombaji hana.

Mfano wa swali

Chama cha wachimbaji wadogo wa dhahabu mjini Geita kinatafuta mwandishi wa kumbukumbu za mikutano na taarifa. Sifa: (a) cheti cha kidato cha nne, (b) Kiswahili fasaha, (c) kujua Kisukuma, (d) leseni ya pikipiki, (e) kujua kutengeneza tovuti. Andika barua ya kuomba nafasi hiyo.

Hatua ya 1: Pima kila sifa

Jiulize: "Bila sifa hii, kazi itashindikana?" Sifa (a) na (b) ni za msingi. Sifa (c) si ya kupuuza, kwa sababu Kisukuma ndiyo lugha ya wenyeji wengi wa Geita na Shinyanga. Sifa (d) husaidia kufika machimboni, ingawa bodaboda zipo. Sifa (e) haihusiani na kuandika kumbukumbu.

Tahadhari: sharti la kisheria halipuuzwi. Kwa mfano, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwanahabari awe na ithibati.

Hatua ya 2: Anza na ulichonacho

*Kosa:* "Samahani, sina leseni wala sijui kutengeneza tovuti, lakini naomba mnifikirie."

*Sahihi:* "Nilikuwa katibu wa klabu ya mazingira shuleni na niliandika kumbukumbu za mikutano yake kwa miaka miwili. Ninazungumza Kisukuma, hivyo ninaweza kuwasikiliza wanachama kwa lugha yao na kuandika maelezo yao kwa Kiswahili. Sijajifunza kutengeneza tovuti, lakini ninaweza kuandaa taarifa kwenye kompyuta zikiwa tayari kuwekwa humo."

Upungufu umetajwa mara moja, mwishoni, pamoja na kile anachoweza kufanya. Hakumkosoa mwajiri kwa kuweka sifa hiyo.

Hatua ya 3: Usidanganye

Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi.

Kumbuka

Kila mwaka nawaona vijana wenye uwezo wakiliacha tangazo kwa sababu ya sifa moja tu ya pembeni. Ukiwa na sifa za msingi, andika. Anayeamua nani hafai ni mwajiri. Wewe usijikate mwenyewe.

Zoezi

1. Taja sifa mbili za msingi katika tangazo hapo juu na utoe sababu.
2. Andika aya moja ya kiini kwa mwombaji asiye na leseni ya pikipiki.
3. Kwa nini si vizuri kuanza kiini cha barua kwa kuomba radhi?